Gari Linaloona

Kazi yangu ni kusifu magari. Niko katika yadi moja ya Changamwe inayouza magari yaliyotumika ng'ambo na kuletwa kwa meli, na mimi ndiye ninayemzungusha mteja, nikimfungulia milango na kumweleza kila kitu mpaka achoke au anunue. Nimeifanya kwa miaka mingi hata naweza kumjua mnunuzi kwa namna anavyofunga mlango. Anayeufunga polepole ana nia. Anayeubamiza amekuja kupitisha muda, na huyo simpi hata maji ya kunywa.

Gari ninalotaka kulisimulia ni lile la saizi ya kati, lililoinuka kidogo kutoka chini, si saluni na si gari kubwa la kwenda porini. Watu wa huku kwetu hulipenda kwa sababu linapita kwenye mashimo ya mitaani bila kukwaruza tumbo, na kiti cha nyuma huwaenea shangazi watatu na mabuibui yao bila ugomvi. Shepu ya zamani, yaani toleo la awali, niliijua kama ninavyojua jiko langu. Ilikuwa na taa za mviringo, vitufe vikubwa ambavyo hata mtu mwenye glavu angeweza kuvibonyeza, na gia yenye mkono wa kushika. Kisha ikaanza kuingia shepu mpya, na siku ya kwanza nilipoiona ikishushwa nikaichukia.

Taa walikuwa wamezifanya nyembamba, kama macho ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Uso wote umekuwa wavu mweusi. Mkono wa gia wameuondoa wakaweka mstari wa vitufe, na vile vya kuongeza na kupunguza baridi wamevitia ndani ya skrini, kwa hiyo ukisikia baridi huna budi kuiomba skrini. Na skrini yenyewe ilikuwa ya Kijapani kuanzia juu mpaka chini. Kila ukiwasha gari, mwanamke fulani alisema kwa upole maneno ambayo hakuna hata mmoja pale yadini aliyeyajua. Wateja waliniuliza anasema nini. Niliwaambia anawakaribisha. Huenda alikuwa anawaambia wafunge mikanda.

Lakini nilipoliendesha, nusu ya hasira yangu iliisha kabla sijafika Magongo. Injini yake ni ya petroli na umeme kwa pamoja, na ikiwa kwenye umeme huisikii kabisa. Unasikia kokoto tu chini ya magurudumu. Viti wamevishusha kidogo na mlango wameupanua, mtu mwenye magoti mabovu anaingia bila kupanda. Buti hufunguka ukipitisha mguu chini ya bampa, kwa hiyo ukitoka sokoni na mikono imejaa huhitaji kuita mtu.

Tena kulikuwa na macho. Gari lina kamera mbele, nyuma na chini ya vioo vya ubavuni, na skrini huziunganisha ikakuonyesha gari lako lote kama linavyoonekana na mtu aliyekaa juu ya paa. Gari lingine likikujia ubavuni, kitaa cha njano kinawaka kwenye kioo. Ukihama mstari bila kujua, usukani unatetemeka mikononi. Na mtu akikatiza mbele yako nawe umezubaa, gari linafunga breki lenyewe. Mambo hayo yote ni marefu kumweleza mteja kwenye jua la Changamwe, basi nikatunga sentensi moja fupi. Nilikuwa nikiweka mkono juu ya boneti na kusema, gari hili linaona. Wanaume wazima walitabasamu kama watoto, na wengi wao walinunua.

Sentensi hiyo niliipeleka mpaka nyumbani kwa baba yangu, mtaa wa Shika Adabu ng'ambo ya kivuko cha Likoni, na hapo ndipo nilipokosea.

Baba alikuwa dereva wa lori. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipakia bandarini na kushusha mpakani, na kwa maneno yake hakuwahi kugonga hata kuku. Mama husema kuku mmoja, Mariakani, na walimla. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, akaendesha watu wa mtaa kwenye harusi na mazishi bila kumtoza mtu. Ukimuuliza yeye ni nani, hakukwambia jina la ukoo wake wala kijiji. Alisema yeye ni dereva.

Macho yake yaliharibika kimya kimya. Alianza kugonga bega kwenye miimo ya milango na kumlaumu seremala. Kisha akawa anapitwa na watu njiani bila kuwajibu salamu, watu wakaja kumshtaki kwa mama kwamba mzee siku hizi anajiona. Nikamchukua nikampeleka kwa daktari wa macho kule kisiwani. Walimweka mbele ya mashine, akaambiwa abonyeze kidude kila aonapo nukta ya mwanga. Nilisimama nyuma yake. Niliziona nukta nyingi zikiwaka na kuzima, hasa upande wa kushoto, na kidole chake kimetulia juu ya kidude kikingoja.

Alipokwenda dirishani kuchukua dawa, daktari aliniambia ni presha ya macho. Alisema katikati pamebaki, pembeni pamekwenda, na upande wa kushoto pamekwenda zaidi. Dawa ya matone itakilinda kilichobaki, haitarudisha kilichopotea. Asiendeshe gari tena. Akaniuliza tutamwambia sisi au amwambie yeye. Nikasema nitamwambia mimi.

Mimi, ninayesema kutwa kwa mshahara, nikashindwa kusema neno hilo moja. Njiani kurudi baba alinisimulia jinsi daktari alivyo mtu mzuri, na kwamba akitia dawa kwa miezi michache ataona sawasawa. Nikasema inshallah. Pikapu yake ilikuwa imekwisha kufa zamani, iko uani juu ya mawe na kuku wanalala ndani, basi nikajipa moyo kwamba hakuna haraka. Mtu asiye na gari hataendesha.

Kisha nikanunua gari. Nilikuwa nimeisifu shepu mpya mpaka nikajiuzia mwenyewe. Nilikwenda kumweleza baba Jumapili moja, na kwa vile ni dereva aliniuliza maswali ambayo wateja hawayaulizi. Aliuliza breki zikifungwa na gari lenyewe, mguu wa dereva unajua? Aliuliza mvua ikinyesha kamera zinaona? Mimi nikajibu kwa furaha, maana ni nadra kuulizwa vizuri.

"Na akitokea mtu kushoto?" akasema.

"Linamwona."

"Na dereva asipomwona?"

"Linasimama lenyewe, baba. Gari hili linaona."

"Basi litanionea na mimi," akasema.

Palikuwa na nafasi hapo ya kusema. Ilikuwa kubwa, ya mtu kupita na mzigo kichwani, na mimi nikacheka. Nilicheka kana kwamba amefanya mzaha. Wiki iliyofuata mama akanipigia simu, akaniambia mzee amekwenda saibakafe kuhuisha leseni yake, na amerudi amenyoa ndevu.

Kwetu gari jipya halianzi kazi hivi hivi. Likifika nyumbani husomewa Yasini, watu wakanywa kahawa na halua, kisha mzee wa nyumba huliendesha mzunguko mmoja, kutoka uani mpaka msikitini na kurudi, na mwenye gari hukaa kando yake. Hata pikipiki ya binamu yangu ilifanyiwa hivyo, na babu yangu, ambaye hakuwahi kuendesha kitu, alikalishwa juu yake akasukumwa. Mzee akiruka mzunguko huo, watu husema gari halina mwenyewe. Nilijua hayo tangu siku niliposaini karatasi. Niliyajua, nikapanga tarehe ya kisomo, nikaagiza halua.

Jumamosi ya kisomo nilitoka kwangu Kiembeni asubuhi nikashika njia ya kivuko. Laiti ningezunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kivukoni. Sote tunajua namna watu wanavyoingia feri ya Likoni: magari na mikokoteni na maelfu ya miguu pamoja, kila mtu akipita ubavuni mwako akiwa na kuku, godoro au mtoto, na wala hagongwi. Waliobuni gari langu hawakujua. Nilipogusa mteremko wa kushukia, kila jicho lake likaona mtu. Likapiga kengele kushoto, likapiga kulia, likatetemesha usukani, na mkokoteni wa nazi ulipokatiza likafunga breki na kukataa katakata. Nyuma yangu watu wakapiga honi. Mhudumu mwenye kizibao cha kung'aa akaja dirishani akasema, bila ubaya wowote, kwamba mama, gari lako linaogopa watu, nenda nalo kwa wazungu. Nikatafuta kitufe cha kuzima ulinzi huo wote, nikakibonyeza, gari likanyamaza kama mtu aliyefumbwa macho, nikashuka ndani ya feri kwa aibu.

Nilipofika nyumbani nilikaa ndani ya gari kabla ya kushuka. Ulinzi ule hujiwasha wenyewe ukizima injini na kuiwasha tena, lakini nilihakikisha mara mbili kwamba umewaka. Huo ndio ulikuwa ujasiri wangu wote siku ile, kubonyeza kitufe badala ya kufungua kinywa.

Kisomo kilikuwa baada ya alasiri. Majamvi yalitandikwa uani, wanaume upande wa gari, wanawake upande wa jikoni, na mara maalimu alipomaliza dua sauti zikapanda. Shangazi yangu alipogundua siri ya buti hakuacha tena. Alipitisha mguu likafunguka, akapitisha likafunga, akasema huu sasa ni ushetani wa halali. Watu walicheka. Baba hakucheka nao. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na alilizunguka gari taratibu akiliwekea kiganja, kwenye mlango, kwenye taa, kwenye tairi, kama alivyokuwa akilikagua lori lake kabla ya safari. Nilimwangalia nikaona kwamba hajafurahi hivi tangu astaafu.

Alinyoosha mkono. Nikampa ufunguo.

Alikaa, akarekebisha kiti, akarekebisha vioo ambavyo upande mmoja hakuviona. Nikamwonyesha vitufe vya gia. Yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake na baba akamwitikia, marahaba. Kisha tukatoka, na nikiri kwamba aliendesha vizuri. Mikono yake haikusahau kitu. Aliligeuza gari uani katika nafasi ambayo mimi ningehitaji mtu wa kuniongoza, akanyoosha kuelekea getini, polepole, akitabasamu.

Mama alikuwa ametangulia kutufungulia. Geti letu huzuiwa na jiwe, na alikuwa ameinama kulitoa, upande wa kushoto, akiwa na leso yake ya manjano. Nilimwona. Baba aligeuza kichwa kidogo upande ule nikadhani na yeye amemwona. Mama akainuka na jiwe mkononi, akapiga hatua moja mbele yetu akijua, kwa miaka yote ile ya kumfungulia, kwamba atamngoja.

Gari likasimama. Lilisimama kwa kishindo kifupi, kengele ikalia, maandishi mekundu ya Kijapani yakajaa kwenye skrini. Baba aliutazama mguu wake, uliokuwa bado haujahama. Akainama mbele, akatazama kupitia kioo, akageuza uso kidogo kushoto, asimfikie mama, akaurudisha kulia.

"Gari lako lina wazimu kidogo," akaniambia kwa upole, kama fundi anayemfariji mwenye gari. "Mbele hapana mtu."

Dirisha lilikuwa wazi. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwenye boneti, akimtazama usoni, na alisikia.

"Baba," nikasema, "ni mama."

Aligeuza kichwa tena, taratibu, mpaka akampata. Najua sekunde aliyompata, kwa sababu mikono yake iliachia usukani.

Nyuma yetu watu walidhani ni mambo ya gari jipya. Mjomba mmoja alipaza sauti tubonyeze kile kitufe cha kwenda mbele. Mama aliliweka jiwe chini, akaja mpaka kwenye dirisha la baba, akasimama karibu kabisa, mahali ambapo angeonekana. Alimwambia kwa sauti ndogo kwamba yeye anajua. Tangu Ramadhani amekuwa akimwekea sahani upande wa kulia, na wakienda popote hutembea kushotoni mwake ili asigongwe. Alinyamaza kwa sababu alidhani baba hataki kusemeshwa habari hiyo.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Daktari alikwambia."

"Aliniambia, baba. Alisema usiendeshe tena."

"Na ukanipa ufunguo."

Hakuinua sauti. Angeinua ningepata la kujitetea. Nilikuwa nayo maneno mengi, kwamba nilikuwa nimekaa kando yake, kwamba ulinzi niliuhakikisha mara mbili, kwamba breki zenyewe zimefanya kazi sawasawa. Yote yalikuwa maneno ya yadini. Nilimwambia nilimpa, niliogopa kumvunja moyo, anisamehe. Na nilipokwisha kusema nikaona kwamba hata hilo si lote. Niliogopa kumwona akiwa mtu asiye dereva, kwa sababu sikujua baba huyo ni nani na nitazungumza naye nini.

Alitafuta kitufe cha kuegesha kwa kidole, akakipata, akakibonyeza. Akashuka. Alizunguka mbele ya gari akiwa ameweka mkono juu ya boneti, na mama hakumshika, alimfuata tu kwa macho. Akafungua mlango wangu.

"Hamia kule," akasema. "Mzunguko haujesha, watu wangoja."

Nikahamia kwenye usukani. Akafunga mkanda, akakunja kanzu yake magotini, nikatoka getini nikielekea msikitini huku watu wa nyumbani wakitutazama, maana sasa waliona nani anaendesha.

Nje ya msikiti kuna baraza, na wamekaa wazee wenzake, wawili kati yao madereva wa zamani kama yeye. Walikuwa wanamngoja. Waliponiona mimi kwenye usukani mmoja akauliza kwa mzaha imekuwaje, siku hizi mzunguko ni wa mabinti? Baba akaniambia nisimame. Hakukiona kitufe cha dirisha, nikamteremshia mimi.

"Macho yangu yamekwisha, yakhe," akawaambia. "Siendeshi tena."

Alisema kama mtu anayetoa habari ya bei ya samaki. Yule wa mzaha alianza kucheka, kisha akaacha. Mwingine akasema pole, na baba akamjibu kwamba amekwisha kupoa. Akaniwekea mkono begani mbele yao, akasema huyu hapa ndiye dereva wa nyumba yetu, mwenye safari aje aseme naye. Wakanipa hongera. Niliitikia nikiwa na haya, maana hawakujua nilichokifanya, naye alikijua na mkono hakuuondoa.

Nilipogeuza gari kurudi, aliinamisha kichwa kwangu ili wasisikie.

"Nambie kilichoko kushoto," akasema. "Chote. Usinipunguzie."

Nikamwambia kuna mbuzi wawili na kitoto chao. Kuna mwanamke anaanika nguo. Kuna ukuta umepakwa rangi nusu, na vijana wanacheza bao, na mmoja wao amekuinulia mkono, baba, mwitikie. Akaitikia. Niliendelea hivyo, nikimwambia kweli tupu huku nikilia, mpaka tukafika getini, nikamwambia mama yuko pale, upande wa kushoto, anatungoja.